Beringi ya Gurudumu Kubwa

Kaka mtu alianza na bembea nne na farasi wa mbao, kwenye kiwanja walichorithi nyuma ya stendi ya mabasi. Dada yake, fundi wa kuchomelea, ndiye aliyeziunga zote. Miaka mitatu haijaisha, palikuwa na treni ya watoto, magari ya kugongana na gurudumu kubwa la kupandisha watu juu, lililonunuliwa kuukuu. Jumapili foleni ilifika barabarani. Kaka mtu akaanza kuitwa Mkurugenzi, naye akaitika.

Gurudumu ndilo lililomkosesha fundi raha. Beringi ya katikati ilikuwa inasaga. Ukiweka kiganja kwenye nguzo unaisikia. Alimwambia kaka yake, akajibiwa kwamba haraka haraka haina baraka, likizo ya shule ipite kwanza. Likizo ikapita, ikanunuliwa rangi mpya na spika mbili. Akamwambia tena, safari hii mbele ya wifi yake, akidhani mke atasaidia. Wifi akasema fundi hakosi ubovu wa kutafuta, ndiyo riziki yake.

Jumamosi moja mchana chuma kililia. Fundi akazima mota, watu wamejaa huko juu. Saa nzima aliwashusha kiti kimoja kimoja, akilizungusha gurudumu kwa mkono, huku kaka yake akitangaza kwenye spika kwamba ni hitilafu ndogo ya umeme. Hakuumia mtu. Lakini mama mmoja alishuka, viatu mkononi, na habari ikafika mtaani kabla yake.

Foleni ikakauka. Wakaguzi wakaja, wakafunga geti. Kila mahali fundi alipopita alikutana na maneno ya kaka yake: dada ana kiherehere, angeliacha tu limalize mzunguko.

Mwishowe gurudumu likauzwa, na mnunuzi wa vyuma chakavu akamwita fundi huyo huyo alibomoe, maana nani mwingine alilijua? Siku ya tatu beringi ilitoka vipande viwili. Akampelekea kaka yake, aliyekuwa amejiinamia kwenye kibanda cha tiketi, akamwekea mezani.

Kaka aliigeuzageuza.

"Sasa mdogo wangu," alisema, kwa upole wa kweli kabisa, "kitu kimeharibika hivi, mbona hukuniambia?"

Fundi akavaa glavu, akarudi kukata vyuma.