Mto wa Mirihi Unatoka Wapi

Mimi siogopi walimu. Siku ya kutetea mémoire yangu, tasnifu ya kumaliza chuo, pale Uvira nilivaa kitenge cha sikukuu, nikasimama mbele ya watatu wao kana kwamba wao ndio waliokuja kufanya mtihani. Ningeanguka, nafasi ya kufundisha jiografia kule Luberizi ingekwenda kwa mwingine. Na mimi sikuwa na nia ya kuanguka. Miezi minane nilikuwa nimeichungulia picha moja ya Mirihi, iliyopigwa na chombo kinachoizunguka kutoka juu, safi hata jiwe la ukubwa wa meza linaonekana. Katikati yake kuna mfereji wa mto uliokauka zamani.

"Maji yalitoka kushoto, yakateremka kuume," nikasema.

Prof Hatungimana, anayevuka mpaka kila mwaka kutoka Bujumbura kuja kutufundisha, akatikisa kichwa. "Hapana, Charlotte. Yalitoka kuume."

"Prof iko na preuve gani?" nikadai ushahidi.

"Inaonekana tu."

Damu ikanichemka. Nikaigeukia picha iliyomulikwa ukutani nimnyamazishe, na hapo ndipo nikayaona mawe. Makubwa yote yamerundikana kuume. Kushoto ni mchanga mtupu. Mto wetu ulipofurika Kavimvira, mtaani kwetu, uliyatupa mawe makubwa kwanza, chini ya mlima, ukaufikisha mchanga ziwani. Basi penye mawe makubwa ndipo maji yanapotoka. Mawe yale niliyatoa uani kwetu kwa mikono hii.

Niliona aibu. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeyaangalia mawe. Lakini siwezi kwenda kuwafundisha watoto wa watu uongo.

"Minye nilikosea," nikasema, nikawaonyesha. "Huku Uvira, ukiangalia ramani, mulima iko kushoto, ziwa iko kuume. Nilisoma Mars sawa vile ni kwetu."

Hatungimana akatabasamu. "Si nilikuambia?"

"Ndiyo, Prof. Lakini kwenu Bujumbura mulima iko kuume. Tufungue ile picha ingine ya Mars yenye unatufundishaka, yenye unasema mto inatoka kuume."

Ikafunguliwa. Walimu wote watatu wakainama mbele. Mawe makubwa yalikuwa kushoto.

Hatungimana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Miaka sita," akasema polepole, "ninawafundisha mto unaopanda mlima."

Akavuta mémoire yangu, akatia sahihi kabla ya wenzake. "Ukifika Luberizi," akaniambia, "anza na mawe."