Dirisha Mgongoni

Jumamosi alasiri, Nasriya aliwaalika mashoga zake nyumbani kwake Bawshar waje kumtazama Shatha akichora juu ya mwili wa mtu. Wanaume walitolewa nje, mapazia yakashushwa, kahawa na halua zikapitishwa. Shatha, mpwa wake Nasriya, alikuwa amerudi majuzi kutoka Uingereza alikosomea sanaa. Alitangaza kwamba turubai imekufa, kilicho hai ni ngozi. Wageni wakatikisa vichwa kama waliokuwa wakilijua hilo siku zote.

Ngozi yenyewe ilikuwa ya Mildred, mfanyakazi wa ndani kutoka Nyamira, Kenya. Mama yake alikuwa amefariki wiki ile. Aliomba ruhusa ya kwenda kuzika, na Nasriya, aliyemshikia pasipoti, akamwambia angoje onyesho lipite, maana mgongo mpana kama ule usingepatikana upesi. Basi Mildred aliketi kwenye kigoda, mgongo wazi kwa wageni, uso ukutani.

Shatha alichora dirisha la buluu lenye bawaba za shaba. Rangi ya bawaba ilipokauka, dirisha likafunguka.

Ndani palionekana migomba, hema jeupe, viti vya plastiki, na watu waliovaa vizuri wakiimba. Balqis, mke wa daktari, alisogeza kiti akasema kijani kile kimezidi. Mwenzake akauliza kama Shatha angeweza kuwachorea Uswisi.

Mildred aliisikia sauti ya dada yake, Dorothy, katikati ya wimbo.

"Mama, mnaona nini hapo?" alimuuliza Nasriya.

"Tulia, utaharibu," alisema Nasriya.

"Niambieni tu. Ni kina nani?"

Alijibu Bi Ghaliya, mama yake Nasriya, aliyekuwa akila halua karibu kabisa na dirisha. "Nnaona watu wanazika, mwanangu. Jeneza la kahawia. Ndo wanalishusha hivi sasa."

"Wamechimba wapi?"

"Penye migomba, ubavuni mwa kaburi jengine lina msalaba wa saruji."

"Hapo ni kwa baba," alisema Mildred. "Ni sawa." Machozi yalimshuka, lakini uso haukuwa sehemu ya kazi ya sanaa, kwa hiyo hakuna aliyeutazama.

Kule ndani watu walianza kutupa udongo kaburini. Udongo mwingine ukapita dirishani, ukaangukia zulia jeupe la Nasriya. Mildred aliinama, akachota konzi moja ya udongo ule mwekundu, akaurusha nyuma juu ya bega lake. Ulisikika ukigonga jeneza. Dorothy akainua macho, akapunga mkono. Wageni walipiga makofi, na Balqis akasema hicho ndicho kilichokuwa kikikosekana, kitendo.

Shatha alipiga picha, kisha akaifuta rangi kwa mafuta na taulo. Dirisha likatoka kwa taabu kidogo kwenye pembe. Wageni wakabusiana, wakaenda zao. Mildred alivaa, akaleta mashine ya kufyonza vumbi, akalisafisha zulia mpaka likarudia weupe wake.

Kisha akamfuata Nasriya jikoni.

"Mama, onyesho limeisha. Sasa ile ruhusa yangu?"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Nasriya alishangaa.

"Ruhusa ya nini tena, Mildred? Si ushazika?"

Akamkumbusha kwamba Alhamisi anatakiwa kwa Balqis, na asijipake losheni mgongoni, rangi haishiki.