Maziwa ya Siku Tatu

Mama mkwe wangu, Bibi Gertruda, alikubali kubaki na Emiliana kwa sharti moja.

"Leo Jumatatu," alisema, huku akimfunga mtoto mgongoni. "Alhamisi uwe umerudi hapa Liuli. Ukipitisha siku tatu, maziwa yako yatakuwa yamelala, na maziwa yaliyolala simrudishii mjukuu wangu. Nitajua umemwachisha, kama sisi sote tulivyoachishwa. Mama anaondoka, bibi anabaki na kilio."

"Alhamisi saa nne nitakuwa hapa, mama. Siku hiyo boti inatia nanga hapa hapa Liuli. Nitamnyonyesha, kisha nimalize safari."

Emiliana alikuwa na miezi minane. Nilitaka anyonye mpaka miaka miwili, kama nesi wa kliniki alivyotufundisha. Nilitaka na kazi pia. Nilisoma masomo ya jioni ya upishi na lishe Mbinga mjini, nikiuza vitumbua asubuhi, na cheti changu kilikuwa kimekaa kwenye mfuko wa nailoni mwaka mzima. Sasa nilikuwa nimepata nafasi ya upishi kwenye boti ya matanga ziwani, iliyokodiwa wiki nzima na mtu na mkewe kutoka Dar waliokuja likizo.

Kapteni Eusebius aliniuliza swali moja tu siku ya kunichukua: "Una mtoto mchanga? Maana mpishi wa mwaka jana alitugeuzia safari katikati kwa ajili ya mtoto."

"Sina, kapteni."

Nikaipata kazi.

Wageni wenyewe walikuwa watu wema, na hilo ndilo linaloniuma. Dada Nasma alikuwa akishuka jikoni kunisaidia kuosha vyombo. Mumewe, Azizi, alilala kutwa kwenye sitaha, kitabu kimemfunika uso. Injini ikizimwa na tanga likijaa upepo, kulikuwa kimya hata nikasikia maji yakipita ubavuni mwa boti. Nakiri, nilipapenda.

Lakini kufikia Jumanne matiti yalikuwa yamejaa mpaka kwapani. Nilijifungia chooni, nikakamua kwenye kikombe, nikamwaga majini. Mchana tena. Jioni tena. Kila kikombe nilihesabu kama mlo wa mwanangu.

Jumatano tukatia nanga kwenye kisiwa cha mawe. Maji pale ni meupe, na visamaki vya bluu na njano vinazunguka miambani kama shanga zilizokatika uzi. Nasma akapanda kutoka majini anacheka.

"Azizi, mimi hapa sitoki!"

"Ratiba inasema kesho Liuli, mama," kapteni akasema.

"Kapteni," Azizi akajibu chini ya kitabu chake, "boti tumeikodi sisi, au yenyewe ndiyo imetukodi?"

Wakacheka wote. Kisha Nasma, kwa adabu yake, akanigeukia. "Dada Dafrosa, tukikaa hapa mpaka Jumamosi, una shida yoyote? Sema kweli."

Nilikuwa nimeshika sahani ya samaki, mbasa wa kukaanga. Jibu la kweli lilikuwa limeshafika mdomoni. Kapteni alikuwa ananitazama. Lakini hata angekuwa hatazami, sijui kama ningelitoa. Kwetu mgeni akikuuliza kama anakusumbua, jibu ni moja, nami nilifundishwa hilo kabla sijajua kutembea.

"Hakuna shida, dada. Kaeni mfurahi."

Alhamisi saa nne nilikuwa nakata vitunguu. Nyuma ya kile kisiwa simu haishiki mtandao.

"Vitunguu vya Mbinga vikali!" Nasma akaniambia, akiona macho yangu.

"Vikali sana, dada."

Jumamosi asubuhi, nikiandaa chai, aliona blauzi yangu imelowa sehemu mbili. Akaweka kikombe chini.

"Dafrosa, unanyonyesha? Jamani! Ungesema, mdogo wangu! Tungeng'oa nanga saa ile ile."

Na kweli wangeng'oa.

Kapteni alisikia yote. Siku hiyo hiyo tulipofika Liuli, akanishusha kwa kiboti cha mpira. "Umenidanganya," akasema. "Lakini wageni wamekusifu mno. Leo na kesho nitawapikia mwenyewe. Jumatatu nina kundi lingine, siku kumi. Mtoto ana wa kukaa naye?"

"Anaye, kapteni."

Nilipanda kwenda nyumbani nusu nakimbia. Bibi Gertruda alikuwa kwenye mkeka, Emiliana mapajani, kikombe cha uji mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo Jumamosi."

Emiliana aliponiona akanyoosha mikono. Nikamchukua, akashika blauzi, nikaanza kufungua vifungo. Mkono wa mama mkwe ukaingia katikati.

"Hapana."

"Mama, maziwa hayaozi mwilini. Nilikuwa nakamua kila siku. Darasani tumelisoma hili."

"Darasa lako la jioni halikumnyonyesha Valentino," alisema. Valentino ni mume wangu. "Tangu Alhamisi mtoto huyu amelia, nami nimekesha naye. Leo ndiyo amelala mpaka kukakucha. Haya, mpe. Lakini ukimpa, ukae naye. Usiniletee tena mtoto nianze naye kilio upya."

Aliondoa mkono wake. Akaniachia nafasi yote.

Nikasimama na vifungo viwili wazi. Nilifikiria Jumatatu. Nilifikiria Emiliana na begi la shule, anasoma mchana, saa za watoto, si jioni kama mimi na usingizi wangu. Hakuna mtu mwingine wa kumwachia. Mama mkwe alijua, nami nilijua.

Nikafunga kifungo cha chini. Kisha cha juu. Emiliana alidhani ni mchezo, akacheka.

"Nipe hicho kikombe, mama."

Nikakaa, nikapuliza uji. Kijiko cha kwanza alikitema, akalia huku anavuta blauzi. Cha pili akameza.