Kasuku wa Macho Mekundu

Mwanaima alisikia vishindo kabla hajafika langoni. Alikuwa akitoka Munje, alikokwenda kumwangalia shangazi yake mgonjwa kwa ruhusa ya siku tatu, na kikapu kilikuwa bado kichwani alipoingia uani kwa memsabu, mwajiri wake, pale Diani, akamwona ndugu yake.

Makame alikuwa amefungwa kamba kwenye mvinje, kifua kimebanwa kwenye gome, mgongo wazi. Nyuma yake alisimama Seifu, mnyapara wa nyumba ile, na kiboko mkononi. Watunza bustani wawili walishika ncha za kamba, na majirani walijazana ukutani wakitazama. Kiboko kilipotua ngozi ilipasuka. Makame hakuwa akilia tena, alikuwa akikoroma tu, kama mtu aliyekunywa maji ya bahari. Mkono wake wa kushoto ulining'inia vibaya, kiwiko kimegeukia upande usio wake.

"Sema ulivyomwiba!" Seifu alimpigia kelele.

Mwanaima alitupa kikapu, akajitia katikati. Kiboko kilichokusudiwa ndugu yake kikamchapa yeye shavuni na shingoni. Hakukihisi.

"Amekuibia nini?"

"Kasuku wa memsabu! Yule wa kikombe cha mashindano! Tumemkuta nyumbani kwenu Kinondo, na nduguyo akathubutu kutuzuia mlangoni. Memsabu anarudi leo kutoka Nairobi. Akimkosa ndege wake, sote hatuna kazi."

Bendera ilikwisha badilishwa miezi sita iliyopita, na watu waliimba barabarani hadi sauti zikawakauka. Lakini ndani ya ua ule kiboko kilikuwa kile kile, na aliyekishika ndiye yule yule.

Juu ya meza ya barazani palikuwa na kasuku mdogo wa manjano, hazidi kiganja, ndani ya tundu la duara lililopakwa rangi ya dhahabu. Mwanaima alimtambua kwa mtazamo mmoja. Miaka saba alikuwa akiwalisha kasuku wa memsabu, akiwaogesha, akiyatambua magonjwa yao kwa kutazama vinyesi vyao. Aliwajua wa kijani, wa buluu, wa kijivu, na wale wenye mawimbi meusi mgongoni mithili ya mchanga uliopigwa na maji. Huyu alikuwa wake mwenyewe. Memsabu alimpa mwaka uliopita, akisema rangi yake imechujuka, hafai kwa mashindano. Makame, ambaye kazi yake ilikuwa kusuka malema ya kuvulia samaki, ndiye aliyemjengea tundu.

"Huyu ni wangu," alisema.

"Wa manjano ni wa manjano," Seifu alijibu, akauinua tena mkono.

Hapo gari likaingia. Memsabu alishuka na vumbi la safari, akamwona mtu mtini na damu kwenye mchanga, akauliza kwanza, "Ndege yangu iko wapi?"

Seifu alieleza upesi. Mwizi amepatikana, ndege amepatikana. Memsabu alishusha pumzi. Macho yake hayakuwa na nguvu tena, na miwani aliivua kila aliposafiri. Alimtazama ndege kwa mbali, akatikisa kichwa kuridhia.

Mwanaima aliona kwamba wakikubaliana hawa wawili, Makame atakufa pale pale mtini. Alilinyakua tundu mezani akalitoa juani, mpaka mbele ya uso wa bibi yule.

"Vaa miwani, memsabu. Mtazame macho. Yule wa kikombe macho yake ni mekundu kama punje ya komamanga, hata umfiche kivulini. Huyu macho ni meusi. Yule mashavu yake ni meupe kama fedha, huyu ana zambarau iliyofifia. Miguu ya yule ni ya waridi, ya huyu ina ukijivu. Na hapa ubawani, tazama, mistari ipo, imefutika tu kama maandishi ya mkaa yaliyopanguswa. Yule hana mstari hata mmoja. Ulinifundisha wewe mwenyewe."

Memsabu alivaa miwani. Akainama. Uso wake ukabadilika.

"Hii si yangu," alisema. "Yangu iko wapi?"

Mwanaima alikuwa bado amelishika tundu, na hapo ndipo alipoona manyoya yaliyonasa baina ya nyaya mbili, manjano safi, yamegandana na damu iliyokauka.

Tundu lile alilijua. Seifu alipotumwa Mombasa kulinunua, Mwanaima alimwambia: tafuta tundu refu la kulala, si la kusimama, kwa kuwa kasuku hawa huruka kwa kukata upande kwa upande, hawapandi juu kama moshi. Na nyaya zibanane, kidole chako cha mwisho kisipite. Seifu akarudi na hili linalong'aa, jembamba kama mnara, na nyaya ambazo dole gumba lilipita bila kugusa. Memsabu alilipenda kwa pambo, lakini akaamuru asiwekwe ndege humo.

"Ulimtia humu," Mwanaima alisema polepole. "Sisi hatupo, ukamtia humu uwaonyeshe wageni wako. Akapitisha kichwa, akashindwa kukirudisha. Amenyongeka, Seifu, ukaenda kwetu kumchukua wangu awe badala yake. Umemzika wapi?"

Seifu aliingiza mkono tunduni, akamkamata yule kasuku wa macho meusi, akamminya. Mlio mmoja tu ulisikika, mdogo, kisha kitu kikapasuka ngumini mwake. Labda alidhani ndege akifa na maneno yatakufa. Labda hakudhani lolote.

Mwanaima alimpiga na tundu. Alimpiga usoni kwa nguvu zake zote, kitako cha chuma kikampasua nyusi, na alipoanguka akampiga tena, na tena, mpaka nyaya zikapindana. Wale watunza bustani waliachia kamba. Dakika moja walikuwa wakimshikilia Makame kwa kamba, dakika iliyofuata walikuwa juu ya Seifu kwa mateke, na majirani wakaruka ukuta na mawe. "Muongo! Muuaji!" Mtu alishusha jiwe sikioni mwake. Memsabu alikuwa akipiga mayowe kwa lugha yake.

Mwanaima alisimama kando akihema. Alitaka Seifu afe. Baadaye, mbele ya hakimu, aliapa kwa Mwenyezi Mungu na kulisema hilo bila kuulizwa: nilitaka afe, na jiwe lingekuwa karibu nami ningelitumia.

Aliyewasimamisha alikuwa Makame. Alikuwa ameporomoka chini ya mvinje, mdomo umejaa mchanga. "Basi," alisema. "Jamani, basi. Mna mikono myepesi mno kwa kupiga." Sauti haikuwa kubwa, lakini wawili waliomfunga waliisikia, wakainamisha vichwa, wakarudi nyuma.

Ndege wa kikombe alifukuliwa kwenye shimo la majivu nyuma ya jiko, shingo imechunika. Memsabu alimbeba kwenye leso, akalia kweli kweli. Makame alipelekwa hospitali ya Msambweni kwa gari lile lile, Mwanaima akimshikilia mkono usicheze. Njiani memsabu alimwambia achague bandani kasuku wawili awatakao.

"Sitaki ndege," Mwanaima alisema. "Njoo mahakamani Kwale useme ulichokiona."

Memsabu aliahidi. Siku ya kesi hakutokea. Alikwisha uza nyumba. Hata hivyo Seifu alikiri, akafungwa miezi tisa, na watunza bustani mitatu mitatu. Mwanaima alionywa vikali.

Mkono wa Makame uliunga lakini haukunyooka. Hakuweza tena kukaza fito za dema la samaki peke yake, kwa hiyo Mwanaima alikaa mkabala naye kila asubuhi akizishikilia, wakigombana: yeye akitaka zibanane, kaka yake akimkumbusha kwamba dema hupitisha maji, halifugi ndege.

Mwaka uliofuata Mwanaima alikutana na Seifu sokoni Ukunda. Sikio moja lilikuwa limekufa, na nyusi ilikuwa na kovu. Seifu alimtolea salamu, "Asalamu aleikumu," kwa sauti ya juu, kama mtu asiyeyasikia vizuri maneno yake mwenyewe.

Mwanaima aliitikia, kwa kuwa kuitikia salamu ni wajibu. Kisha akageukia mwenye muhogo, akamwomba ampimie fungu lingine.