Kwetu ni Kifua

Muuguzi alipomaliza kulipapasa titi la kushoto la yule mama fundi cherehani, alivuta fomu akauliza, "Kwenye ukoo wenu, kuna aliyeugua saratani ya matiti?"

"Hakuna," akajibu fundi, futi yake ya kupimia ingali shingoni. "Mama alikufa kwa kifua. Bibi naye, kifua. Sisi kwetu ni kifua tu."

Na hicho kifua alikipiga vita kweli. Miaka kumi na mitano alishona huku amevaa barakoa, akiogopa vumbi la vitambaa. Wingu likitanda tu, binti zake wawili walivalishwa sweta juu ya sweta, hadi majirani wakawabandika jina: Vitunguu.

Mama mkubwa, aliyemsindikiza, akainamisha kichwa. "Mwanangu, hakikuwa kifua. Lilikuwa titi. Wote wawili. Tuliona haya kulitaja mbele za watu."

"Haya?" Fundi alimgeukia. "Mficha maradhi kilio humuumbua, mama mkubwa! Kilio kimetupata mara mbili, na bado mkaficha!"

Muuguzi akafuta alichoandika. "Tungejua, tungekuwa tunakupima kila mwaka," akasema polepole. "Hao binti zako waanze mapema, usingoje. Na huu uvimbe, uliuona lini?"

"Mwaka juzi."

"Mbona hukuja?"

Fundi aliivua futi shingoni, akaizungusha vidoleni mpaka ikaisha.

"Hauumi, dada. Halafu mimi sikuwa nakohoa."