Mkono Chini ya Shuka

Syokau hakumkaribisha Hezekiah kiti. Yule mtaalamu wa dawa ya usingizi, aliyemlaza siku ya upasuaji, alisimama mlangoni mwa saluni pale Ngara akiutazama mkono wake wa kulia, naye akamwacha autazame vizuri, maana siku ile hakuutazama. Ngozi ya mgongo wa mkono ilikufa, ikakatwa, pakabandikwa nyingine kutoka pajani. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimekakamaa. Msusi bila hivyo ana nini?

Tangu apone baada ya utumbo wake kupasuka, kila mtu alimwambia ashukuru. Kanisani kule Kabiria walimsimamisha atoe ushuhuda, akautoa akitabasamu, huku akitamani wote wanyamaze.

"Niambie ukweli," alisema. "Huu mkono uliharibika aje?"

Hezekiah alieleza polepole. Presha ya Syokau ilishuka akiwa kwenye meza ya upasuaji, ikabidi apewe dawa ya kukaza mishipa ili ipande. Dawa kali namna hiyo hupitishwa mshipa mkubwa wa shingoni, lakini muda haukuwepo, wakaitia kwenye ule mdogo wa mkononi. Mshipa ukavuja. Dawa ikaishia nyamani, presha ikakataa kupanda, nao wakadhani dozi ni ndogo.

"Kwa hivyo mkaongeza."

"Tuliongeza, mama. Mkono ulikuwa umefunikwa na shuka. Mimi nilikuwa naangalia mashine."

Huyu ndiye aliyemrudisha kwa watoto wake. Angekuwa mwongo, ingekuwa rahisi kumchukia. Hezekiah aliomba msamaha. Syokau alikwenda kuchukua kitana chake, naye Hezekiah akaondoka.

Maurine, mteja wake wa miaka mingi, alikuwa kitini akijifanya hakusikia chochote.

"Anza tu, Syokau," alisema. "Mimi siendi kwa mwingine."

Akaanza. Aligawa njia kwa kitana, akashika fungu la nywele, likateleza. Akalishika tena, likateleza tena. Maurine, ambaye alikuwa akisimulia habari za harusi fulani ya Kinoo, akanyamaza katikati ya sentensi.

Waceke, aliyefundishwa kusuka na Syokau mwenyewe, alikuja akasimama nyuma ya kiti bila kuitwa. Syokau akampisha. Akavuta kigoda, akafungua pakiti ya nywele bandia kwa meno, akaanza kuzigawa kwa mkono wa kushoto, kazi ya wanaoanza, akimpitishia moja moja.

"Punguza kidogo," Waceke alisema bila kugeuka. "Hizo ni nene."

Syokau akapunguza.