Hatua Saba Kutoka Mzambarau

Siku ya tisini ya eda yake, Mwanabaraka alisikia tangazo la kipaza sauti likipita Mapinga: shamba la mkonge la serikali, lililolala pori miaka thelathini, linageuzwa uwanja wa gofu wa wananchi. Mwenye kaburi humo ajiandikishe ndani ya mwezi mmoja, lihamishwe.

Yeye alikuwa nalo. Ashatu, mwanawe wa pekee, aliishi siku kumi na moja tu. Kaburi lenyewe hakuwahi kulitia machoni, maana kwetu wanawake hawaendi kuzika, na kulizuru baadaye mumewe hakumruhusu. Mumewe huyo, marehemu Mbaruku, ndiye aliyembeba mtoto, akarudi na udongo kwenye kucha, akamwambia: hatua saba kutoka mzambarau, upande wa kibla. Miaka ishirini na sita mama wa watu alizihifadhi hatua hizo kama aya.

Akamwomba wifi yake, Shufaa, akamwandikishie. Shufaa akacheka.

"Wifi, tulia umalize eda ya kaka yangu. Mradi wa serikali umeanza kwa wakati tangu lini?"

Na nani angembishia? Choo cha soko letu kimekwama kwenye lenta mwaka wa tisa huu. Lakini huo mradi, sijui shetani gani aliusukuma, ulianza kwa wakati.

Siku arubaini baadaye Mwanabaraka aliivua nguo ya eda, akaenda moja kwa moja shambani. Alikuta ardhi imesawazishwa, nyasi changa zimeota. Mzambarau haukuwapo, hata kisiki. Msimamizi, kijana aitwaye Muataz, alimpa shikamoo yake na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Nionyeshe tu, mama. Popote utakaposema, tutachimba."

Kibla alikijua. Lakini hatua saba azianzie wapi? Alizunguka mpaka kanga ikamwanguka.

"Mnahitaji mtu wa kumwagilia?" akauliza mwishowe.

Walimpa kazi. Shufaa hajakanyaga kwake tangu hapo. Wenzake humwagilia palipokauka, na humgombeza kwa kumaliza maji. Mwanabaraka humwagilia kutoka ukingo hadi ukingo, wala haruki hata shubiri moja.